Ada Yangu Ikiogelea

Nilikuwa na samaki watano ndani ya tangi la kioo. Siku sita za kwanza hakuna aliyekula. Siku ya saba mmoja akala, nikaruka kwa furaha mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Siku ya tisa yule aliyekula akafa.

Naanza hapo, msomaji, kwa sababu mengine yote ninayotaka kukueleza, pamoja na uongo niliomwambia mama yangu mzazi, yamejikunja ndani ya siku hizo tisa.

Mimi ni mtoto wa Kanyenye, Tabora. Nyumba yetu ni ya zamani, ya udongo, ina baraza mbele na mwembe uani ambao wazee wanasema uliota kutokana na kokwa lililotupwa na wapagazi wa misafara. Kila mwembe wa Tabora una hadithi hiyo. Mimi siipingi, maana ndiyo iliyonianzishia riwaya. Riwaya yenyewe inamhusu mpagazi wa Kinyamwezi anayebeba pembe kutoka Ujiji, anapita Unyanyembe, anateremka hadi Bagamoyo. Ilifika ukurasa wa 61 ikakaa kitako. Nina miaka 24. Kidato cha nne nilimaliza, lakini matokeo yalikuja ya kumfanya mtu apite njia za uchochoroni, na tangu siku hiyo mama ana neno moja tu: kurisiti.

Mwezi wa Januari akanipa shilingi 80,000. Alizitoa kwenye mgawo wa kikoba chao, akazihesabu mara mbili juu ya mkeka, noti kwa noti. Humo mlikuwa na ada ya mtihani, picha na nauli za kuzungukia. Akasema, "Kajiandikishe. Ukirudi nataka kuiona risiti." Nikaitika, "Ndiyo mama." Wiki iliyofuata nilikuwa Kigoma.

Kisa ni tamaa, sina jina jingine. Kuna bwana mmoja mwenye nyumba ya wageni hapa mjini. Alikwenda Dar es Salaam, akalala katika hoteli yenye tangi la samaki pale mapokezi, akarudi hana usingizi. Alitaka na kwake wawepo kama wale: bapa kama sahani, wa buluu na njano, wamechorwa kama kitenge kipya. Kwa maelezo yake nikajua anamsema kitatange wa baharini. Akaniambia, wewe kijana msomi, niletee, nitakupa laki tatu. Ila niwaone wakila mbele ya macho yangu, sitaki kununua maiti.

Laki tatu! Nikampigia simu binamu yangu aliyeko Ukunda, pwani ya Kenya, ambako vijana wanazamia na nyavu ndogo kuwakamata samaki wa mapambo, wanaofungwa kwenye mifuko ya plastiki yenye oksijeni na kupandishwa ndege kwenda Ulaya na Marekani. Binamu alinicheka sana. Aliniuliza, maji ya bahari utayabeba kwa punda? Halafu akanieleza jambo ambalo wakati ule nililichukulia kama porojo. Kitatange wakubwa wengi, alisema, chakula chao huko mwambani ni sifongo, yale madude laini yanayoota juu ya mawe. Ukimtia kwenye kioo ukamtupia punje za dukani, hajui kama ni chakula. Anazitazama zikizama. Anakonda mpaka anakufa njaa mbele ya mlo. Ndiyo maana wajuzi hununua wadogo, ambao bado wanafundishika, na kabla ya kutoa pesa humwambia muuzaji: nioneshe akila.

Kutoka Tabora hadi baharini ni zaidi ya kilometa 800. Lakini upande wa pili, kama kilometa 400 kwa reli, kuna Ziwa Tanganyika. Na ziwa hilo lina samaki wa mawe ambao watu wa Ulaya huwalipia pesa nyingi. Nilisoma na kijana mmoja ambaye sasa anazamia kwa wafanyabiashara wenye leseni kule Kigoma. Nikabeba dumu la asali ya kwetu kama salamu, nikapanda treni.

Tulikutana Kibirizi, penye mitumbwi na harufu ya dagaa. Samaki alionipa walikuwa wadogo, urefu wa kidole cha shahada, weusi tii wenye madoa meupe mwili mzima, kama kanga wa porini. Jina lao la kitaalamu ni Tropheus duboisi. Walilipata mwaka 1959. Akasema usiwadharau weusi hawa. Wakikua madoa yanafutika, kichwa kinakuwa cha buluu, na mwilini unajitokeza mkanda mweupe au wa njano. Asiyejua anaweza kuapa kwamba ni samaki wengine. (Kumbe na kitatange ndivyo alivyo, mtoto na mkubwa hawafanani hata kidogo.) Nilimpa shilingi 45,000. Akaniambia wamefungishwa siku mbili, kwa sababu samaki aliyeshiba akisafiri hunyea maji yale yale anayopumulia. Akaniambia pia, nakumbuka vizuri, "Hao wanakula majani majani, usiwazoeze nyama." Nikaitikia kama nilivyomwitikia mama.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo safari iliyowachukua wapagazi wiki nzima nzima imekuwa ya usiku mmoja. Mimi nilikuwa na mzigo wangu kati ya magoti, ndoo ya lita 20 yenye mfuniko. Kila stesheni nafunua waingie hewa: Uvinza, Nguruka, Usinge, Kaliua, Urambo. Mama mmoja aliyekuwa na tenga la migebuka alichungulia ndani, akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, hao wadogo hivyo, mboga watamtosha nani?"

Walifika wote watano wazima. Hilo ndilo jambo la mwisho nililolifanya sawasawa.

Tangi nilichongewa na fundi vioo wa sokoni kwa pesa iliyobaki pamoja na deni. Nililijaza maji ya mvua kutoka kwenye pipa letu la uani, nikiamini hakuna maji safi kuliko ya mvua. Asubuhi nikawatupia mkate. Ukalowa, ukazama. Mchana ugali, ukatia ukungu tangi zima. Nikakumbuka majani, nikakata mchicha. Wakaukimbia kama umewatukana. Walijibanza pembeni wote kwa pamoja, vichwa chini, wanapumua upesi upesi.

Kanyenye hakuna siri, na kila aliyepita barazani akaacha dawa yake. Mzee wa nyumba ya pili, mstaafu wa reli, akasema ziwa lile ni la chumvi, nitie chumvi ya Uvinza. Bibi mmoja tunayemwamkia "mwangaluka" asubuhi, akakaa mbele ya kioo muda mrefu kisha akasema, "Hawaumwi hawa. Wanawaza kwao." Na mama, kila jioni anapotoka kuuza vitumbua vyake, anauliza, "Risiti?" Nami namjibu mtandao uko chini. Samaki je? Ni wa yule bwana wa nyumba ya wageni, nimeombwa kuwatunza tu.

Siku ya saba nikasaga dagaa. Hapo ndipo yule mkubwa wao alipotoka pembeni, akadaka punje moja, akadaka ya pili, akala mpaka nikaona haya kumtazama. Nilikwishaanza kupigia hesabu zile laki tatu. Kesho yake akawa anatoa kinyesi cheupe kama uzi. Keshokutwa tumbo limefura, magamba yamemsimama, anaelea ubavu ubavu. Nikakimbilia simu.

"Umempa nini?" rafiki yangu aliuliza.

"Dagaa."

Kimya. Halafu, "Basi umemuua wewe."

Alinieleza kwa upole kuliko nilivyostahili. Samaki huyu kwao anashinda anakwangua ule utelezi wa kijani unaoota juu ya mawe penye jua. Utumbo wake ni mrefu mno, umejikunja mara nyingi, umeumbwa kusaga kitu hafifu kidogo kidogo kutwa nzima. Ukiujaza nyama, na mwenyewe ana hofu ya safari, vijidudu vinavyoishi tumboni mwake vinapata nafasi, tumbo linafura. Wafugaji wa Ulaya hujaribu metronidazole, lakini tumbo likishavimba mara nyingi umechelewa.

Metronidazole si ndiyo Flagyl? Nikaenda duka la dawa. Dada wa dirishani akaniuliza mgonjwa ana kilo ngapi. Nikamwambia hafiki hata gramu kumi. Akanirudishia pesa yangu bila kusema neno, na niliporudi nyumbani mgonjwa alikwisha kufa.

Kuna jambo dogo la kando. Rafiki yangu mmoja ambaye tunasomeana kazi zetu alikuwa na mswada wangu wiki hiyohiyo. Akaurudisha akasema lugha nzuri, ila mpagazi wako ametembea kurasa 61 akiwa na pembe begani na hajala hata kiazi. Nilikasirika. Nikamwambia riwaya si hoteli. Usiku nikaipitia yote. Kweli hajala.

Kuhusu maji nayo nilikuwa nimekosea. Ziwa Tanganyika halina chumvi ya kuonja, yule mzee wa reli alipotea hapo, lakini hakupotea mbali sana: maji yake ni mazito kwa madini, yana tabia ya magadi. Ya mvua ni mepesi, hayana kitu. Kumtoa samaki kwenye yale na kumtumbukiza kwenye haya kwa mkupuo mmoja ni kumvua nguo barabarani. Rafiki yangu akaniagiza niyabadilishe polepole kwa maji ya bomba, nitie makombe na mawe ya chokaa chini, na magadi soda kidogo sana kwa siku kadhaa. Tena nisiwalishe ovyo, maana tangi jipya halina bado bakteria wa kusafisha uchafu. Chakula kilichooza na kinyesi vinageuka amonia, na kadiri maji yanavyozidi kuwa ya magadi ndivyo amonia inavyozidi kuwa sumu. Kwa hiyo unatengeneza jambo moja huku ukiomba jingine lisiharibike.

Bomba letu siku hizi linatoa maji ya Ziwa Victoria, yamevutwa kwa mabomba hadi Tabora. Nilifurahia wazo hilo kama mwandishi: samaki wa ziwa moja anaogelea ndani ya jingine, katikati ya nchi kavu. Furaha ikanisahaulisha kwamba maji ya bomba yana klorini, na lazima yakae wazi kwenye ndoo walau usiku kucha kabla ya kumpa samaki. Mimi niliyatia moja kwa moja. Hiyo ilikuwa siku ya kumi na moja. Kufika magharibi mmoja amelala chini ya tangi, watatu wako juu wanavuta pumzi midomo wazi. Nikatoa maji nusu, nikarudisha ya pipani, nikawasha pampu ya hewa.

Saa tano usiku umeme ukakatika.

Sijui kama umewahi kumpumulia kiumbe kwa kikombe. Unachota maji, unayamimina kutoka juu ili yachukue hewa, unachota tena. Mkono wa kulia ukichoka unahamia wa kushoto. Mama alikuta nafanya hivyo, mshumaa unayeyukia mezani. Hakuuliza. Alivuta kigoda, akawasha tochi ya simu yake akanimulikia. Tukakaa hivyo labda saa nzima, sauti ni ya maji tu.

"Hawa si wa bwana wa nyumba ya wageni," nikasema.

"Najua."

"Ni pesa ya mtihani, mama."

Tochi haikutikisika. Nilingoja maneno, mama yangu ana maneno, Kanyenye nzima inamjua. Hakusema. Ile saa nzima nyingine alikuwa kimya, na mimi nachota namimina, na kama ni adhabu basi sijapata nyingine mfano wake. Ilipoadhiniwa alfajiri akasimama kwenda kuswali. Watatu walikuwa hai.

Kulipokucha akarudi mbele ya tangi. "Huko kwao wanakula nini?"

Nikamweleza habari ya utelezi wa kijani wa mawe ya juani. Akanitazama kwa muda, kama mtu anayesubiri mwenzake aelewe mzaha. Kisha akatoka uani, nikamfuata. Akasimama penye lile pipa la maji ya mvua. Chini yake kuna mawe tuliyolikalishia, na pipa linavuja kidogo kidogo, miaka nenda rudi. Upande wa mashariki unaopigwa na jua la asubuhi, pipa na mawe yake yalikuwa kijani kibichi, laini, yanateleza kama bamia.

"Nimekuambia ulisugue pipa hili tangu Idi," mama akasema.

"Ndiyo mama."

"Haya. Wape wale uvivu wako."

Nilitoa jiwe moja la ukubwa wa ngumi, nikalisuuza, nikalilaza ndani ya tangi taratibu. Tukasubiri. Vitumbua siku ile vilichelewa kwenda sokoni. Wale watatu walibaki pembeni dakika nyingi, halafu mmoja akajongea, akarudi nyuma, akajongea tena. Mdomo wake umekaa chini ya pua, umeumbwa kwa kazi hiyo. Akainama, akabinua mkia, akaanza: kwaru, kwaru, kwaru, kama mtoto anayekwangua ukoko wa wali chunguni. Tulikuwa tunaona alama ndogo nyeupe zikibaki juu ya jiwe, mistari mistari. Wa pili akaja. Wa tatu akamfukuza wa pili.

Mama akasema, "Alhamdulillahi," akajifunga kanga yake vizuri, akabeba beseni lake akaenda zake. Mimi nikalia, na sioni haya kuliandika.

Tangu siku hiyo nina mawe manane ninayoyazungusha, manne ndani ya tangi na manne juani kwenye karai la maji, nabadilisha kila baada ya siku chache. Maji nayaacha wazi usiku kucha. Makombe nilipewa na mzee wa reli, aliyokuja nayo kutoka pwani enzi zake. Mchicha sasa wanaula nikiuchemsha kidogo na kuubana kwenye jiwe. Wameshajua kwamba kinachotoka kwangu ni chakula. Bado wanafukuzana. Hawa wakiwa watatu mbabe anakosa wa kugawia ubabe wake, inabidi nipange mawe yenye upenyo wa kujificha.

Mwezi wa Machi yule bwana alikuja kuwaona. Walikula mbele ya macho yake kama alivyotaka. Akasema wadogo, halafu weusi, yeye alitaka wa njano. Lakini basi, atanipa elfu sitini kwa wote, maana nimehangaika. Nikamuuliza atawalisha nini. Akasema, "Si samaki hawa? Nitawamwagia mabaki ya mkate."

Nikakataa.

Msomaji, usinipe sifa hapo. Mama aliposikia, ndipo yale maneno niliyoyangoja usiku wa mshumaa yalipokuja, yote, na faida juu. Elfu sitini! Kwa samaki wasioliwa! Na muda wa kujiandikisha bila faini umepita! Nilijaribu kumweleza kwamba ningewauza kwa mtu anayekwenda kuwaua. Akaniuliza yeye nilipomwua nilimhurumia? Nilikosa jibu, na mpaka leo ninalitafuta. Siku tatu hakunisemesha. Siku ya nne nikaenda kubeba matofali kwenye ujenzi, nikabeba wiki tatu, begani, hapo hapo ninapompakia mpagazi wangu pembe. Ada na faini nikalipa mwenyewe. Risiti nikaiweka juu ya mkeka. Aliisoma mbele na nyuma, akaikunja, akaitia kwenye kibindo cha kanga, hajanirudishia hadi leo.

Jioni ya kwanza ya matofali nilikula ugali na maharage ya watu wawili. Usiku nikafungua daftari, ukurasa wa 62, mpagazi akatua mzigo Uvinza akaomba chakula. Nimemlisha vizuri.

Sasa ni Septemba, mtihani ni Novemba, na Hesabu bado ni zilezile. Yule mbabe madoa yake yameanza kufifia, na ukimwangalia asubuhi jua likipenya dirishani unaona kichwani kama moshi wa buluu. Mama hupita mbele ya tangi akienda jikoni, na akidhani simwoni anawahesabu. Pipa nalisugua kila Jumamosi bila kukumbushwa, isipokuwa ule upande wa mashariki. Huo amenikataza kuugusa.